Nani alichora njia za Ngare Ndare?

Wanaokuja hapa kusoma habari za seva na hifadhidata wanisamehe leo. Nataka kuzungumza juu ya njia za baiskeli katika msitu wa Ngare Ndare, ule msitu ulio juu yetu sisi watu wa Isiolo, upande wa Subuiga. Waendesha baiskeli wanaopanda huku kutoka Nairobi huniuliza swali moja: nani alizitengeneza hizi njia? Wanauliza wakiwa na picha ya Ulaya au Marekani kichwani, ambako klabu hukaa kikao, huchanga pesa, huleta mchoraji na mashine ndogo ya kuchimba, kisha siku moja njia inafunguliwa kwa kukata utepe. Huku hakuna aliyekata utepe. Lakini njia hizi zina wenyewe waliozichora, na baadhi yao wana miguu minne. Haya basi, tuanze.

Kwa ambao hawajafika: Isiolo iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,100 hivi, mji wa jua na vumbi. Ukishika barabara ya kusini unapanda kilomita thelathini na kitu mpaka Subuiga, inapokutana na barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Hapo umeshapanda karibu mita elfu moja na unatafuta sweta. Mbele yako ni Mlima Kenya, mita 5,199, kama mawingu yakikubali. Mkono wako wa kulia wakati unapanda ni hifadhi ya Lewa, na kati ya Lewa na mlima ndipo ulipo msitu wa Ngare Ndare, hekta 5,500 na ushei. Ni msitu wa mitarakwa na mizeituni mwitu, baadhi ya miti ina zaidi ya miaka 200. Kuna chemchemi, maporomoko, na madimbwi ya maji ya buluu ambayo kila mtu anayapiga picha. Juu ya miti kuna daraja la kamba za chuma lenye urefu wa mita 450. Wageni wengi huja kwa ajili ya daraja hilo na madimbwi, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nazungumzia kilicho chini ya daraja.

Anza na jina. Ngare Ndare ni Kimaasai: maji ya mbuzi. Jina la namna hiyo ni kama maelezo yaliyoachwa ndani ya programu na mtu aliyeiandika zamani. Linakwambia mahali hapa palitumika kwa kazi gani na nani aliyekitumia kisima kabla yako. Mtu hapeleki mbuzi kwenye maji kwa kupitia hewani. Kulikuwa na vijia, na vijia hivyo vilitoka kwenye tambarare kavu, vikapanda mpaka kwenye chemchemi, vikarudi chini.

Ila hata wafugaji hawakuwa wa kwanza. Wa kwanza ni tembo. Na hapa ndugu zangu wanaprogramu wasogeze viti karibu.

Mwaka 2006 Jake Wall, Iain Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath walichapisha utafiti katika jarida la Current Biology. Walichukua data za tembo wa kaskazini mwa Kenya waliovishwa kola zenye GPS, wakaziweka juu ya ramani ya miinuko. Walichokiona ni kwamba tembo hukwepa vilima kwa bidii, hata vile ambavyo wewe na mimi tungeviita vidogo. Sababu ni hesabu ya nishati tu. Ukiwa na tani nne au tano mwilini, kila mita unayopanda inakugharimu chakula kingi, na chakula hicho lazima ukitafute kwa saa kadhaa. Kwa hiyo tembo anayetoka tambarare kwenda mlimani hatafuti njia fupi. Anatafuta njia ya gharama ndogo. Edsger Dijkstra alichapisha algorithimu yake ya kutafuta njia hiyo mwaka 1959, nasi tuliifanyia mtihani chuoni, wengine mara mbili. Tembo walikuwa wakiifanya kwa miguu, kizazi baada ya kizazi, na jibu wakaliandika ardhini.

Sasa linganisha na kanuni za watu wa baiskeli. Chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, IMBA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, kinawashauri watengenezaji wa njia kwamba wastani wa mteremko usizidi asilimia 10, na kwamba njia isishuke moja kwa moja na kilima bali iukate ubavu wake. Njia ikishuka wima, maji ya mvua huifuata na kuigeuza korongo. Ikikata ubavu, maji huivuka na kuendelea zake. Kanuni hizi zilipatikana baada ya njia nyingi kuharibika huko kwao. Kijia cha tembo kinachokata ubavu wa kilima kinazitii bila kuzisoma. Ndiyo maana mwendesha baiskeli akiingia Ngare Ndare anasema njia "inateleza vizuri". Ameingia kwenye kazi ya mhandisi mzito.

(Si kila kijia cha tembo kinafaa baiskeli, nisije nikasababisha mtu kuvunjika mkono. Vingine vinaishia kwenye tope, na vingine kwenye tembo.)

Turudi kwa watu. Uwanda wa Laikipia, unaopakana na nchi hii upande wa magharibi, ulikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa mwaka 1904 na serikali ya Waingereza uliwapa Laikipia kama eneo lao la kaskazini, tena kwa maneno mazito kwamba ni la kudumu. Kudumu huko kulidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawahamisha kwenda kusini ili walowezi wapate ardhi. Wamaasai walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao, inayojulikana kama kesi ya Ole Njogo, ikatupwa kwa hoja ya kisheria ambayo hadi leo inafundishwa vyuoni: kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya mamlaka mbili, kwa hiyo mahakama ya koloni haina uwezo wa kuuamua. Yaani walitambuliwa kuwa dola kamili siku ileile walipokuwa wakinyimwa ardhi. Mashamba ya walowezi yakaota Laikipia, Timau na Lewa. Jina la maji ya mbuzi likabaki kwenye ramani za Waingereza, mbuzi wakapungua.

Mchoraji aliyefuata alikuwa msumeno. Mtarakwa ni mti ambao mchwa hawaupendi, kwa hiyo ulikuwa nguzo ya ua kwa mashamba yote ya nyanda hizi, na mbao zake zilitengenezewa penseli. Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na sehemu ya juu ya mlima ikawa mbuga ya taifa mwaka 1949. Kutangazwa hifadhi hakukuwa na maana ya kutokatwa. Kulikuwa na maana ya kwamba serikali ndiyo inayoamua nani akate. Magogo yanahitaji barabara, na barabara za magogo ndizo zile njia pana ambazo leo baiskeli mbili zinaweza kwenda sambamba. Ukiwa msituni na ukaona njia imenyooka kupita kiasi, jua hapo tembo hakushirikishwa.

Na baiskeli yenyewe? Kwetu ilifika kama mfanyakazi. Ile baiskeli nyeusi tunayoiita mamba, chuma kitupu, gia moja, breki za fito, ilibeba maziwa, mkaa, mitungi ya maji, mgonjwa, bibi harusi. Huku kaskazini ilichelewa. Isiolo ilikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wakoloni waliifunga kwa sheria za wilaya zilizotengwa tangu mwaka 1902. Kupita kwenda kaskazini kulihitaji kibali, na doria zilifanywa kwa ngamia. Wazee bado husema "naenda Kenya" wakimaanisha wanashuka Nairobi, na vijana wa Nairobi wakilisikia hucheka, wasijue kwamba sentensi hiyo ina historia ndefu kuliko barabara ya lami. Lami ilikomea hapa Isiolo mpaka muongo wa pili wa karne hii ndipo ikafika Moyale.

Kuna mzungu mmoja ambaye lazima nimtaje kwa sababu anaunganisha mlima huu na baiskeli kabla mtu yeyote hajasikia maneno "baiskeli ya milimani". H. W. Tilman alikuwa mkulima Kenya baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1930 yeye na Eric Shipton waliupanda Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi, njia ngumu ambayo haikuwa imepandwa. Mwaka 1933 alipoamua kurudi kwao hakukata tiketi ya meli Mombasa kama watu wengine. Alinunua baiskeli ya kawaida ya dukani, akaendesha kutoka Uganda mpaka pwani ya Atlantiki, Kamerun, kama kilomita 4,800 kwa siku 56. Alipita kwenye vijia vya watu wa vijijini na barabara za udongo. Nimtaje kama shujaa? Hapana, mamba zetu zilikuwa zikifanya safari ngumu kila siku na hakuna aliyeziandikia kitabu. Lakini anathibitisha jambo la kiufundi: baiskeli isiyo na gia wala springi inaweza kupita Afrika, mradi njia iwe imechorwa na mtu anayetembea kwa miguu.

Hilo ndilo waligundua vijana wa California miaka arobaini baadaye. Hawa akina Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly na wenzao wa wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu nzito za kabla ya vita, ndugu kabisa wa mamba, wakazishusha kwenye njia za zimamoto karibu na mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza kwenye mteremko walioubatiza Repack. Jina lilitokana na breki. Zilikuwa breki za kukanyaga nyuma, zilizo ndani ya kitovu cha gurudumu, na kwa mteremko ule grisi ilichemka ikatoka moshi, kwa hiyo kila baada ya mbio ilibidi kufungua kitovu na kupakia grisi upya. Mwaka 1977 Breeze alijenga fremu zake za kwanza mahususi kwa kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper kwa wingi, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Miaka ishirini kutoka kuchoma grisi mpaka medali. Katika teknolojia hiyo ni kasi ya heshima.

Afrika Mashariki baiskeli hizo mpya zilijitangaza kwa kishindo mwisho wa mwaka 1984, Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walipozipandisha mpaka kilele cha Kilimanjaro, sehemu nyingine wakiziendesha na nyingine wakizibeba begani. Kwa upande wa mchezo wa wenyeji, jina la kutaja ni David Kinjah, aliyewafundisha vijana kijijini kwake Kikuyu, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye alianza na baiskeli za milimani kwenye udongo wa Kenya kabla ya kushinda Tour de France mwaka 2013 na mara tatu baadaye. Kinjah alikuwa akifanya hivyo bila wafadhili wa maana. Nalisema hili kwa sababu mazungumzo ya baiskeli za milimani Kenya mara nyingi huishia kwenye wageni na mashamba makubwa, kana kwamba hakuna kijana wa Kikuyu aliyewahi kukaza nyororo.

Sasa tufike kwenye kipindi ambacho msitu huu ulikaribia kwisha. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilifanya uchunguzi kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Ripoti yake ilikuwa ya aibu. Miti ya asili iliyokatwa kiharamu kwa maelfu, tanuri za mkaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu, ng'ombe kila mahali. Napenda namna kazi ile ilivyofanywa: ndege, macho, vifaa vya GPS, alama kwenye ramani. Kila shimo lilikuwa na mahali pake. Kabla ya hapo mtu angeweza kubisha kwamba uharibifu ni uvumi, baada ya hapo alilazimika kubishana na nukta. Mwaka 2000 msitu wa Mlima Kenya ukawekwa chini ya KWS kama hifadhi ya taifa.

Ngare Ndare ikafuata njia yake. Mwaka 2004 jamii zinazouzunguka msitu ziliunda shirika la kuusimamia, na mwaka 2005 Bunge likapitisha Sheria ya Misitu iliyoziruhusu jamii kuwa washirika wa serikali katika kutunza msitu. Jambo kubwa katika sheria ile ni kwamba ilitambua haki za matumizi: kuokota kuni, kulisha mifugo kwa utaratibu, kurina asali, kuleta wageni. Hapa ndipo baiskeli ilipopata nafasi kwenye daftari. Msitu usiokatwa lazima ulipe mishahara ya askari wake kwa namna nyingine, na mgeni mwenye baiskeli analipa langoni, haondoki na gogo, na anachoacha ni alama ya tairi inayofutika mvua ikinyesha.

Ndugu yake mkubwa wa mpango huo ni shindano la 10to4. Jina linasomeka kwa futi: kutoka futi 10,000 kwenye msitu wa Mlima Kenya mpaka futi 4,000 kwenye nchi kavu ya chini, yaani kama kutoka mita 3,000 mpaka 1,200. Limekuwa likifanywa mwezi wa Februari, kwa siku tatu, na mapato huenda kwa shirika la Mount Kenya Trust linalotunza mlima. Ukiangalia mwinuko wa mwisho utaona ni karibu sawa na wa Isiolo. Yaani washindani wanashuka ngazi ileile wanayoishuka tembo na maji. Mimi nikiwa nimezaliwa mwisho wa ngazi hiyo, nakiri kwamba swali la ni nani anayekaa juu yake si la michezo tu kwangu. Maji tunayokunywa na kunyweshea mifugo mwezi wa Septemba yanatoka huko juu.

Shirika hilohilo la mlima, pamoja na Lewa, mashamba ya Marania na Kisima, KWS na wengine, ndilo lililosukuma mradi ambao kwangu ndio kiini cha historia hii yote. Kati ya msitu wa Mlima Kenya na Ngare Ndare kulikuwa kumejaa mashamba ya ngano na mboga, na barabara kuu ya Nanyuki–Meru. Tembo walikuwa bado wanapita, kwa sababu njia yao ni ya zamani kuliko ngano. Wakapita juu ya mazao, wakapita kwenye nyua, watu wakapoteza chakula cha mwaka mzima kwa usiku mmoja, na wengine wakapoteza maisha. Suluhisho lililopatikana ni ushoroba wenye urefu wa kilomita 14, umefungwa ua pande zote mbili, na pale unapokutana na barabara kuu umechimbwa mlango chini ya lami. Gharama ilikaribia dola milioni moja.

Wengi walitia shaka. Tembo aingie kwenye shimo la zege huku malori yakinguruma juu ya kichwa chake? Mwanzoni mwa mwaka 2011, mara tu ushoroba ulipofunguliwa, dume aliyepewa jina la Tony alipita. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyewafundisha. Waliwekewa njia mahali ambapo njia yao ilikuwa tayari. Mwaka 2013 UNESCO iliongeza Lewa na Ngare Ndare kwenye urithi wa dunia wa Mlima Kenya uliotangazwa mwaka 1997, na ushoroba ndio uliofanya vipande hivyo vihesabike kuwa kitu kimoja.

Lakini yupo mwingine ambaye hadithi yake haikuisha hivyo. Dume mmoja, maarufu kwa jina la Mountain Bull, alivishwa kola na watafiti, na nukta zake zilionyesha kwamba alikuwa akisafiri kati ya mlima na tambarare za Samburu, mwaka hadi mwaka. Alivunja nyua za umeme kwa ufundi. Pembe hazipitishi umeme, na alilijua hilo, alitumia pembe kukata nyaya. Mwaka 2012 KWS walimlaza kwa dawa na kuzipunguza pembe zake, wakitumaini ataacha. Mei 2014 majangili walimuua ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Data zake zilibaki. Ukiziona kwenye ramani, ule mstari wake kutoka mlimani kwenda kaskazini, utaelewa kwa nini ushoroba ulichimbwa pale na si kilomita tano kando.

Naileta habari ya Mountain Bull kwa sababu inagusa kazi yetu sisi wa kompyuta. Mtu akiendesha baiskeli msituni na simu mfukoni, anachora mstari, na mstari huo anaupakia. Mnamo Januari 2018 dunia ilishtuka ilipogundulika kwamba ramani ya joto ya Strava, ile inayojumlisha safari za watumiaji wote, ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi za siri kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi na vifaa vyao mkononi. Hapakuwa na mdukuzi. Kulikuwa na watu wenye afya njema tu. Basi fikiria msitu ambao kila kijia kinachofaa baiskeli kinaelekea mahali tembo au kifaru anapokunywa maji usiku. Kampuni yoyote ya kuuza programu itakwambia kwamba njia zaidi kwenye ramani ni huduma bora zaidi. Kwa mji, nakubali. Kwa Ngare Ndare, sikubali.

Kwenye OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 na ambao naupenda kuliko ramani zote za kulipia, ukichora kijia unaweza kukiwekea lebo kwamba baiskeli inaruhusiwa au hairuhusiwi, kwamba farasi anaruhusiwa au haruhusiwi. Hakuna lebo ya kusema kijia hiki ni cha mtu mwingine. Mimi nachora barabara za magogo za zamani, malango, na barabara ya kuingilia. Zile njia nyembamba za kwenda kwenye maji naziacha. Baadhi ya wenzangu wanaona huo ni ubahili wa data na tumeshabishana sana, tena mbele ya chai ya watu.

Na kuna swali la lango, ambalo waandishi wa habari za baiskeli hawaligusi. Anayefungua njia kwa mgeni ndiye anayeweza kuifunga kwa mfugaji. Hapa Isiolo habari za hifadhi si za kupendeza tu. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti yetu, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba, baada ya wananchi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu ardhi yao. Safari hii mahakama haikusema haina uwezo, kama ilivyosema mwaka 1913. Ngare Ndare ni kesi tofauti, ni msitu wa serikali unaosimamiwa na jamii kwa mkataba, na mkataba huo unataja kuni na malisho. Lakini ukiupima kwa mtu wa Isiolo, atauliza maswali yaleyale: mwaka wa ukame, ng'ombe wangu wataingia kwa masharti gani, na masharti hayo nani aliyapanga? Mimi nadhani maswali hayo yana haki ya kutangulia swali la springi za mbele ziwe na urefu gani.

Kwa wanaotaka kuja: msimu mzuri ni Januari na Februari, na tena Julai mpaka Septemba, udongo ukiwa umeshika. Mvua za Aprili na Novemba zinaugeuza udongo mweusi wa huku kuwa gundi, gurudumu halizunguki kabisa. Lete mirija ya akiba kwa ajili ya miiba ya migunga ya upande wa chini. Lipa langoni, nenda na askari wa msitu na umsikilize. Ukikuta kinyesi cha tembo kinachofuka mvuke, simama. Ukimkuta mwenyewe, usipige kengele wala kelele, shuka kwenye baiskeli, rudi nyuma polepole mpaka akuache. Wakati mwingine ni dakika tano. Wakati mwingine mnarudi mlikotoka na kunywa chai Timau.